Muulize Anko: Wazungu waliberali na wagombea wenye madoa

Toleo lililopita nilijibu swali la mtu kuhusu uchaguzi wa Marekani nikaachia humo katikati sentensi moja, kwamba mzungu mliberali, yule wa siasa za mrengo wa kushoto, anaweza kumsamehe mgombea jambo ambalo jirani yake mweusi hawezi kulimeza, na siku nyingine mambo yanageuka, mweusi anasamehe mzungu ndo anang'aka. Basi, inboksi imejaa. Nimechukua chache tu, nimezipunguza maana wengine mnaandika kama mnaandika wosia, na majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

Shikamoo Anko. Mimi nimesoma chuo hapa Texas. Nakumbuka mwanzo wa 2012 vijana wa kizungu walewale waliompigia Obama 2008, wale wa kuchangia damu na kuandamana, walikuwa wamevaa fulana za Ron Paul. Huyu mzee si ndo alikuwa na vijarida vya kuwasema weusi vibaya? Walikuwa hawajui, au walijua na hawakujali? – Mdau, Dallas

Marahaba mwanangu. Walikuwa wanajua. Sio wote labda, mtoto wa mwaka wa kwanza anavaa fulana yoyote anayopewa bure, ila wale wa kuandika na kubishana mpaka usiku wa manane walikuwa wanajua vizuri tu, maana habari ilishatoka Januari 2008 kwenye jarida la The New Republic, siku ileile watu wa New Hampshire wako kwenye kura za mchujo za kumpata mgombea urais wa chama, na ikafufuka tena Desemba 2011 kabla ya mchujo wa Iowa.

Kwa ambao hawamjui: Ron Paul ni daktari wa uzazi wa Texas aliyeingia siasa akawa mbunge, kisha akagombea urais, Mrepablikani wa aina yake, hataki serikali kuu iguse kitu chochote. Miaka ya 80 na 90 kulikuwa na vijarida vinaenda kwa posta kwa waliolipia, jina lake limekaa juu kabisa, Ron Paul Political Report, Ron Paul Survival Report na vingine. Toleo moja la 1992, baada ya zile vurugu za Los Angeles, liliandika kwamba utulivu ulirudi pale tu ulipofika muda wa weusi kwenda kuchukua cheki zao za msaada wa serikali. Sikukuu ya Martin Luther King wakaibatiza siku ya kumchukia mzungu. Na utetezi wake ukawa unabadilika kulingana na mwaka, 1996 anagombea ubunge hakukana, alisema maneno yamenyofolewa kwenye muktadha, 2001 akasema aliyeandika ni mtu mwingine, 2008 akasema hayakubali hayo maneno ila lawama anaibeba kwa kutokuangalia nini kinatoka kwa jina lake. Desemba 2011 mtangazaji wa CNN alivyomkomalia akavua maikrofoni akajiondokea.

Haya, sasa mliberali wa kizungu aliona nini kwa mzee huyu? Hapa tusiwe na haraka ya kutukana, maana walichokiona kilikuwepo kweli. Ron Paul 2002 alipiga kura ya kukataa vita ya Iraq wakati Wademokrati wakubwa kabisa, Hillary Clinton na Joe Biden wakiwemo, wanasema ndiyo. Alipinga ile sheria ya Patriot Act ya kupekua watu. Alisema hadharani, kwenye jukwaa la Warepablikani wenzake, kwamba vita ya madawa ya kulevya inawaumiza weusi kuliko wengine, wanaotumia ni rangi zote ila wanaofungwa ni rangi moja. Na hilo ni kweli tupu, kuanzia sheria ya 1986 ukikamatwa na gramu 5 za kraki ulikuwa unakula miaka sawasawa na aliyekamatwa na gramu 500 za kokeini ya unga, na kila mtu alikuwa anajua kraki inakamatwa mtaa gani na unga unavutwa ofisi gani. Uwiano ule wa mia kwa moja uliteremshwa 2010 ukawa kumi na nane kwa moja, haukufutwa, umeteremshwa tu.

Upande wa pili alikuwepo Obama. Mliberali alimpigia 2008 akitegemea jela ya Guantanamo itafungwa, haikufungwa. Droni zikaongezeka, Juni 2011 zikaanza kupiga mpaka Somalia kwa jirani zetu hapa, Septemba akauawa Anwar al-Awlaki kule Yemen, raia wa Marekani, bila kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo mwandishi kama Glenn Greenwald akaja na hoja, na ni hoja nzito, kwamba yeye hasemi mpigieni Ron Paul ila ndo mgombea pekee anayeyaweka haya mezani, na nyie mnaomshika Obama mkono msijifanye wasafi, maana na nyie kuna watu mmewaweka upande wa hasara, na watu wenyewe ni Waislamu wa Yemen na Pakistan ambao nao sio wazungu. Mimi hoja hiyo sikuipenda lakini sikuweza kuitupa.

Ninachowadai hao vijana wa fulana ni kingine. Hasara ya kumchukua Ron Paul ingekuwa ya nani? Wao walikuwa wanasema vile vijarida ni aibu ya zamani, weka pembeni tuongee sera. Sawa, tuongee sera. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilileta azimio la kuenzi miaka 40 ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Likapita kwa kura 414 kwa 1. Hiyo moja ni ya Ron Paul. Sio miaka ya 60 hiyo, ni 2004, watu tuna simu za mkononi. Mei 2011 akasema tena kwenye tivii kwamba angekuwepo 1964 asingeipigia kura ya ndiyo, kwa sababu mwenye mgahawa ana haki na mali yake, serikali isimwambie amhudumie nani.

Ukiwa mzungu hiyo ni falsafa, unaweza kukaa na kahawa ukaijadili vizuri. Sasa ngoja niwape ya kwetu. Miaka ya mwanzo ya 60 nchi za Afrika zinapata uhuru, mabalozi wanaenda Umoja wa Mataifa New York halafu wanashuka Washington kwa gari, na njia yenyewe ni barabara namba 40 inapita Maryland. Juni 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, anaenda kukabidhi hati zake kwa rais Kennedy, akasimama kwenye mgahawa mmoja wa barabarani anywe kahawa tu, akatimuliwa. Balozi! Mwenye mgahawa alikuwa anatumia haki yake ya mali, na hakuna sheria aliyovunja. Serikali ya Kennedy ikabidi iweke watu maalum wa kuzunguka kuwabembeleza wenye migahawa wa ile njia wawahudumie wanadiplomasia Waafrika, kuwabembeleza, unaelewa, na Mmarekani mweusi mwenyewe wa Baltimore hata hiyo ya kubembelezewa hakuwa nayo. Kilichomaliza mchezo ni sheria ya 1964. Sasa mtu anakwambia ile kura ya 2004 ni jambo dogo la pembeni, muulize dogo kwa nani.

Na kuna kitu hata hao wajuzi walikuwa wanakiruka. Ron Paul hakusema madawa yaachiwe kila mahali, alisema serikali kuu itoe mkono wake, majimbo yaamue yenyewe. Wafungwa wengi mno wa Marekani wako magereza ya majimbo, sio ya serikali kuu. Kwa hiyo kijana mweusi wa Texas aliyefungwa na sheria za Texas, na polisi wa Texas, na jaji wa Texas, Ron Paul akiwa rais huyo kijana bado yuko ndani. Weusi wamekaa na hilo neno la majimbo yaamue yenyewe miaka mingi, wanajua linapofikia. Ndo maana fulana hukuziona kwenye makanisa yao.

Anko pole na kazi. Mimi niko Virginia. Mbona ile ya gavana wetu Northam 2019 ilikuwa kinyume? Picha ya Ku Klux Klan kabisa, lile kundi la kuwatesa weusi, wazungu waliberali ndo walikuwa wakali, weusi nikawasikia kazini wanasema mwacheni. Tuelewe nini? – Mama wa Richmond

Ahsante mama. Hii ndo naipenda zaidi kuliko ya Ron Paul, maana inaonyesha watu wanavyopiga hesabu.

Tukumbushane. Tarehe 1 Februari 2019, Ralph Northam, Mdemokrati, gavana, daktari wa watoto, ikatoka picha kwenye ukurasa wake wa kitabu cha wahitimu wa chuo cha udaktari cha mwaka 1984: mtu mmoja amejipaka weusi usoni na mwingine amevaa kanzu na kofia ya Ku Klux Klan, wamesimama pamoja na bia mkononi. Jioni ile gavana akaomba radhi, akasema ni kweli nimo kwenye picha. Kesho yake akaitisha waandishi akasema hapana, nimeangalia vizuri, simo. Ila, akasema mwenyewe bila kuulizwa sana, mwaka huohuo kwenye mashindano ya dansi alijipaka kiwi kidogo usoni aigize Michael Jackson. Mwandishi mmoja akamuuliza bado unaweza kucheza muunwoku, ile dansi ya Jackson ya kuteleza kinyumenyume? Mzee wa watu akaanza kuangalia sakafu pembeni yake kama kuna nafasi, mke wake akamnong'oneza kwamba mazingira hayaruhusu. Nchi nzima inaangalia. Mimi nilizima tivii kwa aibu ya mtu mwingine, nikaiwasha tena.

Wademokrati wote wakubwa wakasema ajiuzulu, na tuwe wakweli, hata wabunge weusi wa Virginia walisema hivyohivyo. Lakini gazeti la Washington Post na chuo kimoja cha huko walipouliza wananchi wenyewe, weusi asilimia 58 walisema abaki, wazungu wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Watu wa mbali wakashika vichwa.

Mimi sikushangaa. Weusi wa Virginia hawakusema picha ni nzuri. Walisema tumeshajua wanaume wa kizungu wa umri huo walikuwa wanafanya nini vyuoni mwaka 1984, nyie ndo mnajua leo. Halafu wakaangalia nani anafuata. Makamu wake, Justin Fairfax, mweusi, siku zilezile akatuhumiwa na wanawake wawili kwamba aliwashambulia kingono, naye akakana. Wa tatu, mwanasheria mkuu, akajitokeza mwenyewe akasema na yeye 1980 alijipaka. Wa nne kwenye foleni ni spika, Mrepablikani. Na bima ya Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo Virginia walibishana nayo miaka, Northam aliipitisha 2018 na watu walianza kutibiwa nayo Januari 2019, mwezi mmoja tu kabla ya picha. Wewe mama mwenye kisukari, umepata kadi ya bima wiki tatu zilizopita, unaambiwa gavana atoke ili mzungu mmoja wa Arlington alale usingizi mzuri. Utasemaje?

Northam alibaki mpaka kipindi chake kikaisha. Tena alibaki akiwa na deni, na weusi wakalidai. Machi 2021 Virginia ikafuta adhabu ya kifo, jimbo la kwanza la kusini kufanya hivyo, na ukijua nani alikuwa ananyongwa kusini utaelewa uzito wake. Septemba mwaka huohuo ile sanamu kubwa ya jenerali Lee, aliyewapigania wenye watumwa, pale Richmond ikashushwa. Sisemi asingefanya bila ile picha, ila gavana mwenye deni anapokea simu haraka.

Kwa hiyo ukiiweka na ya Ron Paul, sioni kinyume. Mzungu mliberali mara nyingi anapima mgombea kwa kuuliza huyu ananifanya mimi nionekane nani, wa vita au wa amani, mbaguzi au msafi. Ron Paul alimpa usafi wa vita, akamchukua. Northam alimchafua, akamtema. Mweusi swali lake ni lilelile mara zote mbili: baada ya uchaguzi nani atakuja kunipiga na nani atazuia. Sio kwamba wazungu wote ni hivyo wala weusi wote ni vile, mnanijua sipendi kufunga watu fungu moja, ila mwelekeo ndo huo.

Anko kwema? Mi Mganda nakaa Queens, nafanya kazi hospitali. Kampala walinipigia simu usiku kucha mtu wetu kashinda, Zohran, yule wa umeya wa New York. Lakini mama mweusi ninayefanya naye shifti moja alimpa Cuomo ule mwezi wa sita 2025, na wenzake wengi. Wazungu wa Brooklyn wakampokea mtoto wa Kampala, weusi wakamkataa? Inaniuma kidogo. – Ssebo wa Queens

Isikuume ndugu yangu, na weusi hawakumkataa, walichelewa. Ni tofauti kubwa.

Zohran Mamdani kazaliwa Kampala 1991, baba yake ni Profesa Mahmood Mamdani ambaye wazee wetu wa Mlimani wanamkumbuka alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70 baada ya Amin kuwatimua Wahindi wa Uganda. Kijana akapelekwa Cape Town mdogo, halafu New York ana miaka 7, uraia kapata 2018. Kwenye mchujo wa Wademokrati wa kugombea umeya tarehe 24 Juni 2025 akamwangusha Andrew Cuomo, gavana wa zamani aliyejiuzulu 2021 kwa tuhuma za kusumbua wanawake kingono. Madoa yalikuwa pande zote mbili, ukitaka. Cuomo hilo. Zohran alikuwa na maneno yake ya 2020 ya kutaka polisi wanyimwe pesa, na ile kauli ya kueneza intifada, yaani maasi ya Wapalestina, duniani kote, ambayo alikataa kuilaani wakati wa mchujo na Wayahudi wengi ikawatisha.

Ukiangalia ramani ya mchujo, Park Slope, Williamsburg, Bushwick, Astoria, huko alifagia. Brownsville, East Flatbush, kusini mashariki mwa Queens, kwenye weusi wengi na watu wa visiwa vya Karibi, akashinda Cuomo. Wachambuzi wakarukia palepale: mgombea wa watoto wa kizungu waliosoma. Sasa nenda taratibu. Sera yake kubwa ilikuwa kusimamisha kodi za nyumba zisipande kwenye fleti ambazo kodi yake inasimamiwa na jiji, kama milioni moja hivi. Kijana wa kizungu wa Bushwick ni mpangaji, analia kodi kama mimi na wewe, kwa hiyo hapa hakuwa anafanya hisani, alikuwa anajipigia kura mwenyewe na hakuna dhambi. Lakini yule mama wa shifti yako, nakisia tu, kama ni wa mitaa ya Jamaica au St. Albans hapo Queens inawezekana ana nyumba yake, alinunua kwa kubana miaka, ana mpangaji mmoja chini anamsaidia kulipa mkopo. Huyo akisikia kodi zisipande anashtuka. Akisikia polisi wanyimwe pesa anakumbuka miaka ya 80 mtaani kwake. Na jina Cuomo analijua tangu baba mtu, Mario, alipokuwa gavana kuanzia 1983. Mgombea wa miaka 33 anayemjua kwa video za simu, kwa nini amwamini mwezi wa sita?

Halafu ikaja ile ya fomu. Julai 2025 New York Times wakaandika kwamba 2009 Zohran akiomba nafasi chuo cha Columbia, ambacho baba yake anafundisha na ambacho hakumchukua, alitiki kisanduku cha Mwasia na pia cha Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika, akaandika pembeni Uganda. Akasema visanduku havikutosha kumweleza yeye ni nani. Kwetu Kampala au Dar hii ingekuwa kichekesho cha siku moja, Muhindi wa Uganda ni Muhindi wa Uganda, kila mtu anajua na anajua historia yake ya duka na 1972. Lakini kisanduku kile Marekani hakikuwekwa kuuliza umezaliwa bara gani, kiliwekwa kwa ajili ya watu ambao babu zao waliuzwa. Meya wa wakati huo, Adams, mweusi, akamshambulia vikali. Ila nilichokiona mimi, na hapa narudi kwa waliberali, kelele za kumtetea zilikuwa nyingi kwa wazungu wake wa Brooklyn, wanawafundisha weusi kwamba na Muhindi wa Kampala naye ni Mwafrika. Kitu chenyewe ni kweli, ila sio wao wa kufundisha.

Zohran mwenyewe alikuwa na akili kuliko watetezi wake. Baada ya mchujo alienda ukumbini kwa Al Sharpton, mchungaji mweusi mwanaharakati, akaanza kuzunguka makanisa ya weusi Jumapili hata Jumapili, Oktoba akawaomba radhi polisi kwa maneno yake ya 2020. Tarehe 4 Novemba, watu zaidi ya milioni 2 wakapiga kura, haijatokea New York tangu 1969, akapata zaidi kidogo ya nusu, na mitaa ileile ya weusi iliyompa Cuomo mwezi wa sita ikahamia kwake. Muulize mwenzio wa shifti alipiga kwa nani Novemba. Usimuulize kwa sauti ya kumdai.

Anko unawaonea wazungu. 1988 Vermont ilimpa Jesse Jackson, yule mchungaji mweusi aliyekuwa anagombea urais, na Vermont weusi ni wa kuhesabu kwa vidole. Hiyo nayo ni kujisafisha? – Mkosoaji wako wa Boston

Hujambo mkosoaji. Hapana, hiyo nakupa. Jackson 1984 aliwatolea Wayahudi wa New York neno la kejeli mbele ya mwandishi mweusi akidhani ni maongezi ya chini kwa chini, yakatoka, akaomba radhi kwenye sinagogi New Hampshire, na bado alichelewa mno kujitenga na Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam aliyekuwa anawasema Wayahudi vibaya. Kwa hiyo 1988 alikuwa na doa zima zima. Lakini wakulima wa maziwa waliokuwa wananyang'anywa mashamba na benki, na wafanyakazi wa viwanda vinavyofungwa, walimsikia anaongea habari zao wakati wengine wanaongea habari za tabaka la kati. Bernie Sanders, wakati huo meya wa Burlington, ambaye ni Myahudi, akamuunga mkono, na mwenyewe anasimulia mama mmoja alimchapa kofi palepale kwenye mkutano wa mchujo. Jackson akachukua Vermont, akachukua Michigan, jumla akapata kura karibu milioni 7.

Tofauti naiona hapa: wale wa Vermont walikuwa na kitu cha kupoteza, na waliungana na weusi ambao tayari walishaamua. Walienda kusimama nyuma ya foleni. Vijana wa Ron Paul walikuwa wanaanzisha foleni yao halafu wanawashangaa weusi kwa nini hawaji.

Ila Boston mnapenda ubishi nyie.

Shikamoo Anko, swali fupi. Nina grini kadi, uraia bado. Kazini kuna dada wa kizungu mkereketwa kwelikweli, kaniletea fomu ya kujiandikisha kupiga kura, anasema sauti za wahamiaji weusi zinahitajika na kwamba hakuna atakayeuliza. Ni mtu mzuri sana, ananisaidia mengi. Nijaze? – Mdogo wako, Minneapolis

Marahaba mdogo wangu. USIJAZE. Weka hiyo fomu chini sasa hivi.

Mwenye grini kadi haruhusiwi kupiga kura ya rais wala ya wabunge wa kitaifa, ni kosa la jinai, na ile fomu ina kisanduku cha kuuliza wewe ni raia, ukitiki ndiyo umeshadanganya kuwa raia, na hilo linaweza kukurudisha nyumbani na kukufungia mlango usifunguke tena hata ukiolewa na raia. Siku ya usaili wa uraia watakuuliza umewahi kujiandikisha kupiga kura, na majibu wanayo. Kuna vimiji vichache Maryland, Takoma Park mfano, wasio raia wanapiga kura za pale mjini tu, na New York walijaribu lakini mahakama yao ya juu ikaifuta Machi 2025. Minneapolis sio hivyo. Kama ulishajiandikisha mahali, hata bila kujua, pale wanapotoa leseni za udereva mfano, usiende kujifuta mwenyewe kwa mikono yako, tafuta kwanza mwanasheria wa uhamiaji.

Unachoruhusiwa: kuchangia pesa kampeni, maana mwenye grini kadi anaruhusiwa, kugonga milango, kupiga simu, kubeba bango, kuhudhuria mikutano. Mwambie dada yako twende wote Jumamosi tukagonge milango. Na mwambie kwa upole kabisa kwamba yeye akikosea fomu anatumiwa barua, wewe ukikosea unatumiwa tiketi ya ndege. Kama ni mtu mzuri ulivyosema, ataelewa papo hapo na ataacha kugawa zile fomu kwa Wasomali wa idara ya usafi pia.